Mzazi Abaki Nje na Kahawa Yake

Msikilizaji, tuanze na hesabu ambayo kila mzazi wa hapa Melbourne anaijua hata kama hajawahi kuiandika. Mwajiriwa wa kudumu nchini Australia ana haki ya likizo ya wiki 4 kwa mwaka. Mtoto wake, ukijumlisha mapumziko ya Aprili, Julai na Septemba pamoja na ile likizo ndefu ya Krismasi, anakaa nyumbani takriban wiki 12. Baba na mama wakipokezana, wasipumzike pamoja hata siku moja, wanafikisha wiki 8. Zinazobaki ni za mtoto, simu, na friji inayofunguliwa na kufungwa kutwa nzima.

Pengo hilo limezaa biashara. Kuna kambi za mpira, za kuogelea, za kuunda roboti. Na ipo mikahawa ya Kigiriki inayofungua jiko kwa watoto asubuhi za likizo: mtoto anakanda, anakunja, anakaanga, kisha anakula alichopika na kinachobaki anabeba. Hiyo si sadaka. Mkahawa wa aina hiyo hujaa usiku na mwisho wa wiki. Jumanne saa nne asubuhi meza ziko tupu, na mpishi yuko jikoni tayari anaandaa vya jioni. Mwenye mkahawa kaiona nafasi, kaitumia. Sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni na sisi wazazi. Nimewasikia wengi wakisema: yaani nilipe dola zangu ili mtu baki amfundishe mwanangu kukata tango? Kwani mimi sina jiko? Jiko tunalo. Tena tunapika vizuri, hilo halina ubishi. Lakini mtoto akisogea karibu na jiko letu anasikia nini? Toka hapo, utaungua. Usimwage unga. Niachie mimi, tunachelewa. Na kweli, ataungua kidogo, unga ataumwaga, na mtachelewa. Mama aliyetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee hana nguvu ya kumsubiri mtoto amenye kitunguu kimoja kwa robo saa. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba miaka inakwenda, na mtoto anafika chuo akiwa anajua ladha ya kila chakula chetu na hajui kupika hata kimoja.

Likizo ya Julai nilimpeleka mpwa wangu kwenye darasa moja la namna hiyo, kule Oakleigh, karibu na Eaton Mall, pale wazee wa Kigiriki wanapokaa na vikombe vya kahawa tangu asubuhi wakipanga na kupangua siasa za dunia. Mlangoni tulipokelewa na mama mtu mzima mwenye aproni. Watoto walimwita yiayia, yaani bibi, kama vile kila mmoja kazaliwa kwake. Akawaingiza ndani, akatugeukia sisi wakubwa: wazazi nje, kahawa ipo. Kati yetu na watoto kukabaki kioo. Baba mmoja aliinuka kwenda kumsaidia mwanawe, akarudishwa kwa kidole. Akainuka tena, akarudishwa tena.

Kazi ya kwanza ilikuwa vitumbua, samahani, ulimi umeteleza, vipembe vya mchicha na jibini ya feta. Vinakunjwa kwa filo, ambayo ni ndugu wa manda zetu za sambusa, ila ni nyembamba kiasi kwamba ukiinyanyua unaviona vidole vyako upande wa pili. Filo ina adui mmoja, hewa. Ikiachwa wazi dakika chache inakauka, na ikikauka inapasuka. Ndiyo maana hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Mama yule hakulieleza hilo hata kidogo. Aliliacha karatasi moja wazi mezani, akaendelea kuwaonyesha jinsi ya kukamua mchicha, kisha akamwambia binti mmoja alikunje. Likamkatikia mikononi vipande vipande. Basi. Kuanzia hapo kila mtoto aliyechukua karatasi alikimbilia kukirudisha kitambaa mahali pake, na hakuna aliyekumbushwa.

Mpwa wangu ameona sambusa zikikunjwa kila Ramadhani tangu azaliwe. Nilidhani angewapita wenzake wote. Kona ya kwanza tu ikamshinda, jibini ikachungulia pembeni. Kuona ni kuona tu. Mikono yake ilikuwa haijawahi kuigusa kazi hiyo, na ilibidi ianze mwanzo kama ya mtoto mwingine yeyote.

Halafu zikaja loukoumades, na hapo, msikilizaji, kama umezaliwa Mombasa, Zanzibar au Muscat, ungesimama ukauliza nani kawapa hawa kaimati zetu. Unga ule ule wa majimaji wenye hamira, umeumuka na kutoa mapovu. Unauchota kwa mkono wa kushoto, unafumba ngumi, unaubinya hadi kidonge kichomoze kati ya kidole gumba na cha shahada. Mkono wa kulia una kijiko kilicholowa, unakikata kidonge, unakitia mafuta. Kijiko kikikauka, unga unaganda na kidonge kinatoka na mkia. Wao wanamwagia asali na kunyunyiza mdalasini pale sisi tunapochovya shira yenye iliki. Kwenye mafuta ya moto mama yule aliwaita watoto wakubwa mmoja mmoja, akasimama ubavuni, mkono wake karibu na mkono wa mtoto bila kuushika. Wadogo walipewa asali. Kaimati zenye mikia zilikuwa nyingi, na zililiwa zote.

Sasa nieleze kwa nini nalikuza jambo linaloonekana dogo. Tangu mwaka 1958, Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipoanza kuwafuatilia wanaume wa nchi saba, kisiwa cha Krete kimesifiwa duniani kwa ulaji wake wa mboga, kunde, samaki na mafuta ya zeituni, kwa kuwa wanaume wa huko walikuwa hawafi ovyo kwa magonjwa ya moyo. Mwaka 2010 UNESCO ikauandika ulaji wa Mediterania kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na mji mdogo wa Koroni ukatajwa kuiwakilisha Ugiriki. Heshima kubwa. Miaka minane baadaye, 2018, Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya likatoa takwimu za uzito wa watoto. Nchi zilizokuwa na hali mbaya kuliko zote zilikuwa za kusini, Ugiriki ikiwemo: karibu mvulana mmoja kati ya watano alikuwa na unene wa kupindukia. Huko huko kwenye zeituni na kunde! Urithi umo kwenye orodha ya UNESCO, na mtoto anakula chipsi.

Kama hayo yamewafika walio nyumbani kwao, sisi tulio ugenini tunategemea nini kituokoe?

Wagiriki wa Melbourne wenyewe nusura waupoteze urithi huo. Mkataba wa uhamiaji kati ya Ugiriki na Australia ulitiwa saini mwaka 1952, na kufikia mwaka 1971 waliozaliwa Ugiriki walikuwa zaidi ya 160,000 nchini humu. Waliingia viwandani, wakafungua maduka na vibanda vya samaki na chipsi. Watoto wao waliosoma enzi zile husimulia jinsi walivyochekwa shuleni kwa sababu ya harufu ya kitunguu saumu na zeituni kwenye visanduku vya chakula, hadi wengine wakawa wanamwomba mama awatilie mkate mweupe na paka-paka yao nyeusi ile, Vegemite. Mnalijua hilo. Wangapi kati yenu mna mtoto anayerudisha wali na maharage bila kufungua, anasema hakusikia njaa? Leo wajukuu wa wale waliochekwa wanawatoza Waaustralia wengine pesa ili wafundishwe kukunja kile kile kilichochekwa. Nalipenda sana hilo.

Kuna pia upande wa mboga. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha Nestlé huko Uswisi (ndiyo, Nestlé wenyewe, wauza maziwa ya unga) walichapisha jaribio la watoto 47 wa miaka 6 hadi 10. Waliopika pamoja na mzazi walikula saladi zaidi kwa takriban robo tatu kuliko ambao mzazi aliwapikia peke yake. Jaribio dogo, mlo mmoja, nisiwauzie kama dawa. Lakini mpwa wangu, asiyegusa tango, siku ile alilikwaruza, akalitia chumvi, akalikamua kwenye kitambaa, akapigwa na butwaa kwa maji yaliyotoka, akalichanganya na mtindi mzito na kitunguu saumu. Tzatziki hiyo aliilamba hadi kidole kikang'aa. Hapa hapa Melbourne, mpishi Stephanie Alexander alianzisha bustani na jiko la wanafunzi pale Collingwood College mwaka 2001 kwa wazo hilo hilo, kwamba mtoto alime, avune, apike, kisha tuone kama atakataa.

Tahadhari zipo, nizitaje haraka. Kwa Waislamu, ulizeni kabla ya kulipa: jiko la Kigiriki lina nguruwe na mvinyo, hata kama siku hiyo wanafundisha mboga tu, na mnataka kujua vibao na visu vinatenganishwaje. Mwenye mtoto anayedhurika na ufuta, karanga au maziwa aseme mapema, maana ufuta uko kila mahali kwenye biskuti zao. Ulizeni kama wakufunzi wana kibali cha serikali ya Victoria cha kufanya kazi na watoto, na msione haya kuuliza. La mwisho ndilo linaloniudhi zaidi: yapo madarasa ambako unga umekandwa tayari, vitu vimepimwa tayari, mtoto anafika kunyunyiza sukari juu na kupigwa picha. Hilo usililipie. Kama mtoto amerudi aproni safi, dai pesa zako.

Na bei si ya kila mtu. Familia yenye watoto watano, na zipo nyingi kwetu, haiwezi. Ndiyo maana nauliza kwa nini hatufanyi wenyewe. Tuna akina mama kutoka Bukavu wanaotwanga sombe ambayo Watanzania wakiionja wanakumbuka kisamvu cha nyumbani. Tuna mabibi wa Kibajuni wenye mkono wa kaimati usio na mkia hata mmoja. Kumbi za jumuiya na za makanisa zina majiko, na siku za kazi asubuhi zimefungwa. Kinachotakiwa ni mtu mzima mwenye subira kwa kila meza, mboga za soko la Dandenong, na wazazi watakaokubali kukaa nje. Wavulana waje pia, wala tusijadiliane hilo.

Likizo ya Septemba ni ya wiki 2. Mwenye funguo za ukumbi, na bibi yeyote aliye tayari kupoteza kilo chache za unga, atupigie studio baada ya kipindi hiki. Mimi nitaleta hamira na mafuta, na nitakuwa nje na akina baba.