Wakili wa Tume ni Wakili wa Nani?

Kuna kauli ambayo imekaa sana vinywani mwa wanasheria wa Uganda, na jioni hii hapa Arua Hill nataka kuivunja. Kauli yenyewe ni kwamba tume ya uchunguzi si mahakama. Haimfungi mtu wala haimtozi mtu faini. Inaandika ripoti tu, inamkabidhi aliyeiteua, na yeye akipenda ataifanyia kazi, asipopenda ataifungia kabatini. Kutokana na hapo wenye kauli hii wanasema kuwa kanuni zetu kali kuhusu mgongano wa maslahi ya wakili, zile za kukatazwa kumgeuka mteja wa jana, hazina kazi kubwa mbele ya tume. Aliyewahi kuitetea wizara aweze kuiongoza tume inayoichunguza wizara hiyo hiyo, na mwenye kupokea mshahara wa serikali aweze kuwahoji mashahidi dhidi ya serikali, maana mwisho wa siku ni ushauri tu. Kauli hii ina sura ya busara, na ndiyo sababu imeishi muda mrefu.

Tuanze na hilo la "ushauri tu". Mwaka 2005 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulisitisha fedha zake kwa Uganda, na serikali ikaunda tume chini ya Jaji James Ogoola. Tume ile haikumhukumu mtu. Hata hivyo, yaliyofichuliwa mbele yake ndiyo yaliyofungua njia ya mashtaka, na mwaka 2009 Teddy Seezi Cheeye, aliyekuwa ofisa wa usalama wa ndani, alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Anayesema tume haimfungi mtu anasahau kuwa tume ndiyo inayomfikisha mtu mlangoni kwa anayefunga. Zaidi ya hayo, tume inaita mashahidi kwa nguvu ya sheria, inawaapisha, na anayeidanganya anajitafutia kesi. Shahidi aliyesimama pale haoni tofauti kubwa kati ya meza ile na ya hakimu, na sidhani kama anakosea.

Sheria ya Tume za Uchunguzi, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1914, wenzangu wanaijua. Sitaichambua kifungu kwa kifungu. Jambo ninalotaka tulitazame ni kazi ya wakili wa tume. Yeye ndiye anayepokea maelezo ya mashahidi kabla ya makamishna kuyaona. Anachagua nani aitwe na nani aachwe, nani atangulie, nyaraka ipi isomwe hadharani na ipi ibaki ndani ya jalada. Halafu anasimama na kuuliza. Kamishna anaweza kuongeza swali lake, lakini analiongeza juu ya yale aliyoletewa. Wahenga walituonya juu ya kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere, na kila tume inapotangazwa magazeti huikumbuka methali hiyo na kuchunguza majina ya makamishna mmoja mmoja. Sijaona bidii hiyo ikielekezwa kwa anayeiandaa kesi kabla haijamfikia ngedere.

Ushahidi wa kwanza unatoka katika historia inayolihusu eneo hili, West Nile. Katikati ya mwaka 1974 serikali ya Idi Amin iliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea tangu tarehe 25 Januari 1971. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mohamed Saied. Wenzake walikuwa maofisa wawili wa polisi na mmoja wa jeshi. Ukitafuta mgongano wa maslahi katika majina ya makamishna, huu hapa umejaa hadi pomoni: vyombo vinavyotuhumiwa vimeketi mezani. Lakini tume ile ilisikiliza mashahidi 545, ikaandika habari za watu 308 waliopotea, na lawama ikaziweka kwa kitengo cha Usalama wa Umma na ile ofisi ya upelelezi ya Nakasero, State Research Bureau. Kwa tume iliyoundwa namna ile, hiyo si kazi ndogo. Wapinzani wangu wanaweza kuidaka hapo hapo na kusema: unaona, mgongano ulikuwepo na ukweli bado ukasemwa. Nami nakubali nusu ya hoja hiyo. Ukweli ulisemwa kwa sababu familia zenyewe zilikuja zikiwa na majina, tarehe na namba za magari. Hakuna aliyehitaji wakili mjanja ili aeleze kuwa mumewe alichukuliwa mchana kweupe. Swali la nani alichukuliwa na nani alimchukua linaweza kujibiwa na mjane. Swali la amri ilitoka wapi, ilipita mikononi mwa nani, na nani aliijua akanyamaza, halijibiwi mpaka mtu mwenye mamlaka ya kuita nyaraka aamue kuliuliza. Lawama ya tume ile iliishia kwenye vikosi, na haikufuatwa na utaratibu wowote wa haki wa kuwawajibisha wenye amri. Kwa hiyo, kwangu mimi, tume ya Saied inaonyesha kwamba tumekuwa tukilinda mlango usiofaa: makamishna wenye maslahi wanaweza kuandika ukweli wakiletewa, lakini hakuna kamishna anayeweza kuandika jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Ushahidi wa pili uko kwa jirani zetu wa Kenya, na huu naomba mnivumilie nikae nao kidogo. Mwaka 1998 Rais Moi aliunda tume chini ya Jaji Akilano Akiwumi kuchunguza mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990, yakiwemo ya Likoni, Mombasa, ya Agosti 1997. Wakili wa kwanza kuisaidia tume alikuwa John Nyagah Gacivih. Kazi ikiwa imepamba moto, aliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Bernard Chunga, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa mashtaka ya umma, akifanya kazi chini ya Mwanasheria Mkuu. Chunga hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Ndiye aliyeongoza ushahidi katika tume ya Jaji Gicheru juu ya kifo cha Waziri Robert Ouko, ile ambayo Rais aliivunja Novemba 1991 kabla haijamaliza. Mwaka 1999, mwaka ule ule ripoti ya Akiwumi ilipokabidhiwa, Chunga akateuliwa Jaji Mkuu. Ripoti haikutolewa kwa umma hadi Oktoba 2002. Sisemi kwamba aliuliza swali lolote kwa nia mbaya; nia ya mtu siijui, na hoja yangu haiihitaji. Nasema utazameni mpangilio wenyewe. Moja ya maswali ya tume lilikuwa kwa nini wachochezi hawakushtakiwa. Mwenye jukumu la kushtaki alikuwa nani? Ofisi ya huyu huyu anayeuliza. Na ripoti ikitoka na kupendekeza mashtaka, itapelekwa kwa nani? Kwa ofisi hiyo tena. Angekuwa malaika, bado shahidi wa Likoni alikuwa na haki ya kujiuliza anazungumza na nani.

Sasa nije kwenye kanuni zetu wenyewe, kwa sababu wapinzani wangu hudai kuwa zimeandikwa kwa ajili ya mahakama. Hawajazisoma vizuri. Kanuni ya 4 ya Kanuni za Maadili ya Mawakili za Uganda inamzuia wakili kupokea kazi inayomhusu mteja wake wa zamani, ikiwa kwa sababu ya kumtumikia anajua mambo yanayoweza kumdhuru. Na inasema hivyo kwa shauri lenye ubishi na lisilo na ubishi. Mtunga kanuni hakutaja mahakama hapo. Alitaja mambo yote ambayo wakili anaweza kuyashika mkononi. Kanuni ya 9 inamkataza wakili kusimama mbele ya mahakama au baraza lolote katika jambo ambalo ana sababu ya kuamini kuwa ataitwa kama shahidi. Hapa ubishi unaweza kuwepo iwapo tume ni baraza, nami niko tayari kubishana siku yoyote. Lakini kanuni ya 4 haina ufa wa kupenyea. Desemba 2017 Jaji David Wangutusi wa Mahakama Kuu, kitengo cha biashara, alizitumia kanuni hizi katika kesi ya Benki Kuu na Crane Bank dhidi ya mfanyabiashara Sudhir Ruparelia, akayazuia makampuni ya uwakili ya MMAKS na AF Mpanga yasiendelee kuiwakilisha Benki Kuu kwa sababu ya kazi yalizoufanyia upande wa pili hapo awali. Uamuzi huo naupenda kwa sababu unaitazama siri ya mteja kama kitu kisichosahaulika kwa kubadilisha jalada. Muda si mrefu baadaye kamati ya Bunge chini ya Abdu Katuntu ikaanza kuchunguza kufungwa kwa benki saba, Crane ikiwa mojawapo, na kutoa ripoti yake Februari 2019. Wateja walikuwa wale wale, siri zile zile. Nionyesheni basi ni kwa mantiki gani siri isiyoweza kuvuka mlango wa mahakama iweze kuingia kwa uhuru katika ukumbi wa uchunguzi.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni hii: wakili wa serikali hana mgongano wowote, kwa kuwa serikali ndiyo mteja wake na serikali hiyo hiyo ndiyo iliyotaka kuchunguza. Hupenda kutukumbusha Uingereza ya mwaka 1948, Mwanasheria Mkuu Hartley Shawcross alipoongoza ushahidi mbele ya tume ya Jaji Lynskey na kumhoji John Belcher, waziri mdogo wa serikali yake mwenyewe, mpaka mtu akajiuzulu. Ni mfano mzuri, lakini si wa jambo letu. Pale serikali ilikuwa ikimtosa mmoja wake aliyetuhumiwa kupokea zawadi. Mambo hubadilika kabisa pale anayetuhumiwa anapokuwa dola yenyewe. Uganda, anayetaka kuishtaki serikali kwa madai humshtaki Mwanasheria Mkuu. Jina lake ndilo linaloandikwa kwenye hati, na Ibara ya 119 ya Katiba inampa jukumu la kuiwakilisha serikali mahakamani. Fikirieni familia za waliouawa katika misheni ya Ombaci, kilomita chache kutoka hapa, tarehe 24 Juni 1981. Tume ikiundwa kesho juu ya mauaji yale, na wakili wake akatoka katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, basi anayekusanya maelezo yao ni mtumishi wa mdaiwa wao mtarajiwa. Kila atakachojifunza kuhusu udhaifu wa ushahidi wao kitakuwa kimelala katika jengo lile lile kitakapohitajika.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu: kwamba mawakili ni wachache. Kila mwenye uzoefu amewahi kuitumikia serikali, benki au kampuni kubwa, na ukimwondoa kila mwenye historia utabaki na waliohitimu mwaka jana. Profesa Khiddu-Makubuya alikuwa kamishna katika tume ya Jaji Oder kuhusu ukiukaji wa haki za binadamu, na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu. Hakuna ubaya katika hilo, ila linaonyesha jinsi njia hizi zinavyokutana. Nakubali kwamba historia ya mbali, ya jambo jingine, isimzuie mtu. Itangazwe tu kabla ya shahidi wa kwanza. Sikubali kwamba kutangaza kunatosha pale mteja wa zamani ndiye anayechunguzwa, au pale mwajiri wa sasa ndiye atakayeshtakiwa. Hapo atafutwe mwingine, hata kama ni kutoka Nairobi au Dar es Salaam, na achaguliwe na makamishna wenyewe. Gharama? Tume ya Lord Justice Salmon ya Uingereza ya mwaka 1966 ilikwishapendekeza kuwa hata shahidi mwenye kutuhumiwa alipiwe wakili na umma. Kwa mtu wa Koboko anayeitwa Kampala hilo si anasa.

Linabaki swali ambalo sheria yetu haijaligusa: mgongano ukigundulika katikati ya kazi, ushahidi uliokwisha kuongozwa unakuwaje? Afrika Kusini, tume ya Jaji Seriti juu ya ununuzi wa silaha iliachwa na baadhi ya mawakili wake wenyewe, ikaendelea mpaka mwisho, na Agosti 2019 Mahakama Kuu ikayatupa matokeo yake yote. Kwa maoni yangu wakili mpya apewe jalada zima, yakiwemo maelezo ambayo mtangulizi wake hakuyatumia, na kila shahidi aliyehojiwa na wakili aliyeondoka awe na haki ya kuitwa tena, kwa nauli ya tume.