Kuwafuga Nyumbani Samaki Wakubwa Walao Nyama



Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya kufuga samaki nyumbani; wala sisemi habari za wale samaki wadogo wa rangi wakaao katika bakuli juu ya meza, bali samaki wakubwa walao samaki wenzao. Watu wengi huwapenda samaki wa namna hii, na kupenda kwao si jambo la kushangaza. Samaki mwindaji humtazama mtu apitaye chumbani, humtambua yule amlishaye, na chakula kikianguka majini hukinyakua kwa nguvu na ustadi mwingi. Lakini kupenda ni jambo moja, na kutunza ni jambo jingine. Basi, neno ambalo nataka mlishike hata kama mtasahau mengine yote ni hili: tangi lipimwe kwa samaki jinsi atakavyokuwa, wala lisipimwe kwa samaki jinsi alivyo siku anaponunuliwa.

Ili maneno yangu yasielee hewani, nitamchukua samaki mmoja awe mfano wetu. Samaki huyu huitwa oska, na jina lake la kitaalamu ni Astronotus ocellatus. Kwao ni katika mito ya bonde la Amazon, Amerika ya Kusini. Ni ndugu wa perege na sato wetu, maana wote ni wa jamaa moja ya samaki. Rangi yake ni nyeusi yenye mabaka ya manjano au mekundu, na karibu na mkia ana doa la mviringo mfano wa jicho. Dukani huuzwa akiwa na urefu wa sentimeta 5 tu, mdogo kuliko kidole. Akitunzwa vema hufika sentimeta 25 kabla hajatimiza miaka miwili, na akikomaa huweza kufika sentimeta 35. Tena huishi miaka 10, na wengine huzidi. Kwa hiyo mtoto aliyeingia darasa la kwanza siku ile oska alipoletwa nyumbani, huenda akamaliza shule samaki angali hai. Anunuaye samaki huyu ajue kwamba anafunga mkataba wa miaka mingi.

Wengine husema kwamba samaki hukua kwa kadiri ya chombo chake, na kwamba chombo kikiwa kidogo samaki naye atabaki mdogo bila dhara. Neno hili halina kweli. Samaki aliyebanwa huishi katika uchafu wake mwenyewe. Akidumaa, amedumazwa na ugonjwa.

Sasa walio na kalamu karibu waandike, maana mwalimu hana budi kutoa hesabu. Kwa oska wanne nawashauri mtengeneze tangi la kioo lenye urefu wa sentimeta 200, upana wa sentimeta 100 na kimo cha sentimeta 60. Msiupunguze upana ili kupata tangi refu na jembamba, kwa kuwa samaki mrefu anahitaji nafasi ya kugeuka bila kujikunja. Zidisheni hesabu hizo, mtaona kwamba tangi likijaa huchukua lita 1,200. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi mna kilo 1,200 za maji peke yake, kabla hamjahesabu kioo, mchanga, mawe na meza. Uzito huo ni kama wa motokaa ndogo iliyosimamishwa sebuleni. Kwa hiyo mahali pake ni sakafu ya zege, chini kabisa, wala si ghorofani, ila kwa idhini ya mhandisi. Meza yake iwe ya chuma kilichoungwa barabara, nayo ipimwe kwa pimamaji mpaka isiinamie upande wo wote. Juu ya meza tandikeni ubao na bamba jembamba la povu, ili punje moja ya mchanga isije ikakipasua kioo cha chini.

Tena kuna hesabu ya pili, nayo yawashangaza watu wengi. Maji husukuma kioo kwa nguvu inayoongezeka kadiri ya kina chake, si kadiri ya wingi wake. Katika tangi letu, kioo cha mbele chenye urefu wa sentimeta 200 na kimo cha sentimeta 60 husukumwa na maji kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 360, usiku na mchana, bila kupumzika. Kazi hii si ya kujaribia. Mpeni fundi aliyezoea matangi, naye atumie kioo kinene na gundi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki, tena aweke vipande vya kioo vya kushikilia kingo za juu. Likiisha kukauka, lijazeni maji nje ya nyumba kwa siku kadhaa. Kama lina kasoro, heri ionekane uani kuliko sebuleni.

Ndani ya tangi hamhitaji mapambo mengi. Tieni mchanga laini au changarawe iliyo mviringo. Mawe makubwa yawekwe kwanza juu ya kioo cha chini, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka, kwa sababu oska hupenda kuchimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga litaanguka. Mimea ataing'oa. Chombo cha kupashia maji joto kifungiwe mahali asipoweza kukigonga. Na tangi liwe na kifuniko kizito, maana samaki mwindaji huruka. Waya za umeme ziachwe zining'inie chini kidogo kuliko soketi, ili tone la maji likiteremka juu ya waya lidondoke sakafuni, lisiingie katika umeme.

Sasa nafika kwenye kiini cha maneno yangu, yaani maji yenyewe. Samaki alaye nyama hutoa uchafu mwingi, na uchafu huo hutoa sumu iitwayo amonia. Sehemu kubwa hutoka katika matamvua yake, viungo vile avutiavyo pumzi. Mtoni maji huichukua ikaenda zake, lakini ndani ya tangi haina pa kwenda. Hata hivyo Mwenyezi Mungu ameweka duniani vijidudu viitwavyo bakteria, visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yao ni kuigeuza sumu hiyo. Bakteria wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu bado. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mwingi. Mkulima ajua ya kwamba samadi mbichi huunguza mimea, bali iliyooza vema huilisha. Jambo la tangi ni mfano wa hilo, na bakteria wa jamaa hii hufanya kazi hata katika udongo wa shamba.

Bakteria hawa hukaa hasa katika chujio. Kwa tangi letu, chujio lililo jema ni tangi la pili lililowekwa chini ya meza, lenye sponji na vipande vya udongo wa kuchoma vyenye vitundu vingi. Maji huteremka humo, na pampu huyarudisha juu. Pampu iwe na nguvu ya kuyazungusha maji yote mara tano kwa saa, yaani lita 6,000. Na sponji zikichafuka, zikamuliwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Mkiziosha kwa maji ya bomba yenye klorini, mtawaua wafanyakazi wenu wote kwa siku moja.

Lakini bakteria hawaji kwa siku moja. Tangi jipya huhitaji majuma manne hadi sita kabla halijaweza kupokea samaki. Katika siku hizo washeni pampu, tieni chakula cha samaki kidogo kidogo kana kwamba samaki wamo, na pimeni maji kwa dawa za kupimia ziuzwazo madukani. Kwanza amonia itapanda, kisha itashuka na nitriti ipande, kisha nayo itashuka. Amonia na nitriti zikifika sifuri na kudumu hapo, badilisheni sehemu kubwa ya maji, ndipo mwalete samaki, na wawe wadogo. Msiyaamini macho, maana maji maangavu kama kioo yaweza kuwa na sumu ya kuua. Haraka haraka haina baraka, na mahali ambapo neno hili ni la kweli zaidi kuliko tangi la samaki sipajui.

Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 28. Pwani hamtahitaji kupasha maji joto kwa sehemu kubwa ya mwaka. Bali Nairobi, Arusha au Mbeya, usiku ni baridi, nanyi hamna budi. Jueni pia kwamba maji ya moto hushika hewa kidogo. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 hushika miligramu 9 hivi za oksijeni, bali yenye nyuzi 30 hushika miligramu 7 na nusu tu. Kwa hiyo umeme ukikatika mchana wa jua kali, samaki wakubwa huanza kutweta upesi. Wekeni pampu ndogo ya hewa iendayo kwa betri, na msiwalishe mpaka umeme urudi.

Ile nitrati iliyobaki huondolewa kwa kubadilisha maji, robo ya tangi kila juma. Hesabu yake ni lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20. Hapa kila mtu na ajiulize kwa moyo mweupe: je, nyumbani kwangu maji hayo yako? Kama mama na watoto huyafuata maji kisimani kwa vichwa vyao, tangi hili si la nyumba hiyo, wala si haki kulianzisha. Mwenye maji ya kutosha asiyamwage ovyo yale yaliyotolewa, kwa kuwa yana rutuba. Ayapeleke kwenye mchicha na migomba yake. Na maji mapya ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini.

Juu ya chakula nitasema machache. Oska huitwa mla nyama, lakini nyama ya ng'ombe au ya kuku isiwe chakula chake, kwa maana mafuta yake hayamfai. Mpeni chakula cha punje kilichotengenezewa samaki walao nyama, pamoja na kamba, vipande vya samaki na nyungunyungu. Msimtupie samaki hai wa kumwinda. Huo ni mchezo wa kuwafurahisha watazamaji, nao humletea magonjwa. Akiwa mkubwa, mlo mmoja kwa siku watosha. Na msimchanganye na samaki awezaye kuingia kinywani mwake, kwa kuwa samaki mkubwa humeza mdogo, na usuhuba wa dukani hauna maana siku njaa inapokuja.

Huenda mtu akauliza, "Mbona hatufugi wawindaji wa kwetu?" Swali ni jema, lakini tuwatazame. Kamongo wa Ziwa Victoria hufika mita 2. Sangara naye hufika mita 2, na uzito wa kilo 200. Kuhe wa Ziwa Tanganyika huzidi sentimeta 60, naye amezoea maji mapana. Hao si wa sebuleni. Hali kadhalika kuna kambare wa Amazon mwenye mkia mwekundu, auzwaye akiwa na urefu wa kidole, ambaye baadaye huzidi mita moja. Asiye na bwawa asimnunue.

Nami nina sababu ya kulirudia neno hili. Mtu aliyenunua bila kupima, samaki akimshinda, humhurumia kumwua, akamchukua usiku akamtia mtoni. Adhani ametenda wema, kumbe ametenda ubaya mkubwa. Katika jimbo la Florida, huko Marekani, oska sasa huzaana katika mifereji ambayo si kwao. Na sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mfano. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria, ambamo hakuwamo. Ni kweli ameleta fedha nyingi kwa wavuvi na wafanya biashara, wala hatulikani jambo hilo. Lakini ziwa lile lilikuwa na furu wa aina zaidi ya 300, ambao wengi wao hawakupatikana mahali pengine po pote duniani. Katika miaka ya 1980 aina nyingi sana zilitoweka, kwa kuliwa na sangara na kwa kuchafuka kwa maji, na zilizotoweka kabisa hazitarudi. Samaki akiisha kuachiliwa ziwani, hakuna awezaye kumwita arudi.

Basi, samaki akikushinda, mrudishe kwa aliyekuuzia, au mpe mfugaji mwenye tangi kubwa kuliko lako, au ukatake shauri kwa bwana samaki wa wilaya yako. Lakini usimtie mtoni, wala ziwani, wala katika bwawa la kijiji.

Nimekwisha, wasikilizaji wangu. Kwanza jueni ukubwa wa samaki akikomaa. Kisha jengeni tangi. Kisha yalegni maji. Na samaki mwenyewe awe wa mwisho kuingia. Atakayeufuata mpango huo atakuwa na samaki wenye afya nyumbani mwake, na mito yetu itabaki na samaki wake yenyewe.

Kwaherini.