Mota Inapovuta Umeme Kupita Kiasi

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mota za viwandani zitumiazo mkondo mnyofu, yaani umeme uendao upande mmoja tu. Na hasa juu ya mkondo upitao katika amecha, ndicho kiini kizungukacho.

Mwaka 1873, katika maonyesho ya Vienna, mashine ya Gramme iliyoundwa kuzalisha umeme ilipelekewa umeme wa mashine nyingine, nayo ikazunguka kama mota. Basi mota ni dinamo pia: izungukapo huzaa volti zake zenyewe, nazo huzipinga zile ziletwazo na waya. Na tufanye hesabu. Tuseme ukinzani wa amecha ni omu 0.5, na umeme uletwao ni volti 220. Mota iliyosimama haizai volti za kupinga, kwa hiyo mkondo ungefika ampea 440. Ikizunguka na kuzaa volti 210, zabaki volti 10 tu, na mkondo ni ampea 20. Ndiyo sababu mota kubwa haiwashwi kwa ghafula.

Kipimo kikionyesha mkondo uliozidi, fundi afanyeje? Asitie fyuzi nene zaidi, maana fyuzi ndiyo mlinzi wa mota. Kwanza autazame mzigo. Ukipunguzwa na mkondo ukarudi kiasi chake, yamkini mota ni nzima. Pili, azime umeme, aifunge swichi kwa kufuli, ndipo azungushe ekseli kwa mkono. Ikiwa nzito, huenda beringi zimekwama. Tatu, apime mkondo wa koili za sumaku zisizozunguka. Sumaku ikidhoofika, amecha huhitaji mkondo mkubwa zaidi ili kuvuta mzigo ule ule. Na mota isiyo na mzigo yaweza kuzidi mbio hata ikavunjika. Mwisho azikague burashi za kaboni, na ile bangili ya shaba zinayoigusa. Shaba ikiungua mahali pamoja tu, mara nyingi waya wa ndani umekatika, au nyaya zimegusana.

Twasisitiza kufuli, enyi vijana mtakaoingia viwandani, kwa sababu swichi iliyo wazi yaweza kuwashwa na mwenzako asiyejua kwamba mkono wako umo ndani. Mota iliyoungua hufungwa nyaya mpya; mkono uliokatwa haurudi.