Amana Iliyo Nyuma ya Mlango



Nimeombwa niseme machache juu ya shauri lililo mbele ya Jumuiya yetu hapa Buyenzi, yaani kujenga nyumba ya kuwalea watu wenye ulemavu wa akili. Shauri hili ni jema, wala sikusimama ili nilipinge. Nataka tuulizane neno moja tu kabla ya kuweka jiwe la msingi: mlango wa nyumba hiyo utakapofungwa usiku, nani atajua yanayotendeka ndani?

Naanza na kosa langu mwenyewe. Marehemu dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliniachia mwanawe aliyezaliwa na ulemavu huo. Nami kwa wingi wa shughuli nikampeleka katika makao fulani, ambayo sitayataja. Kila nilipokwenda kumwona nilitanguliza habari, na kila nilipofika nilimkuta amekoshwa, amepakwa mafuta, amevaa kanzu nyeupe. Siku moja nikapita pale bila taarifa. Nilimkuta ameketi sakafuni, nguo zimelowa mkojo, na wakati ni adhuhuri. Mtumishi mmoja alikuwa na watu zaidi ya ishirini wa kuwatunza, naye alimwita mwanangu kwa ulemavu wake, maana jina lake hakulijua. Nilimchukua tukarudi nyumbani; lakini kwa kuona haya sikumweleza mtu, na wale wenziwe nikawaacha pale pale. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Tena tusidhani kwamba haya ni ya nchi maskini peke yake. Huko New York, Marekani, palikuwa na makao makubwa yaitwayo Willowbrook, yaliyojengwa kwa watu 4,000. Kufikia mwaka 1965 walikuwamo zaidi ya 6,000. Mwaka 1972 daktari mmoja aliyekuwa amefanya kazi humo alimwingiza mwandishi wa habari na kamera yake, na watu wakaona watoto uchi, katika uchafu, hawana wa kuwaangalia. Wazazi wakashtaki, mwaka 1975 yakapatikana mapatano mbele ya hakimu, na mwaka 1987 makao yale yakafungwa.

Mtu atasema: dawa yake ni nyumba ndogo na fedha nyingi. Basi na asikilize habari ya Winterbourne View, karibu na Bristol, Uingereza. Ilikuwa na vitanda 24 tu, na gharama ya mtu mmoja kwa wastani ilikuwa paundi 3,500 kwa juma. Hata hivyo mwaka 2011 kamera ya siri iliwaonyesha watumishi wakiwapiga na kuwadhihaki wale waliowekwa chini ya ulinzi wao. Kumi na mmoja walipatikana na hatia, na sita wakafungwa. Muuguzi mmoja alikuwa amekwisha peleka malalamiko, yasisikilizwe. Na jamaa waliokwenda kuwaona ndugu zao hawakuruhusiwa kufika vyumbani wanamolala.

Hapo ndipo penye fundisho. Wingi wa watu uliharibu Willowbrook, lakini uchache wa watu na wingi wa mali havikuiokoa Winterbourne View. Mahali pote pawili mlango ulifungwa, na aliyedhulumiwa hakuwa na ulimi wa kushtaki.

Katika Suratun-Nisaa, Mwenyezi Mungu ametuamrisha juu ya wale wasioweza kuisimamia mali, tuwalishe, tuwavike, na tuseme nao kwa wema. Tazameni: chakula na nguo huandikwa katika daftari la matumizi, lakini neno jema haliandikwi. Hulijui mpaka uwepo ulisikie.

Nchi yetu nayo iliridhia mwaka 2014 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Mkataba huo wataka makao ya namna hii yakaguliwe na watu wasiofungamana nayo. Tena wazazi wa mtoto wakishindwa, kwanza itafutwe njia ya kumlea kwa jamaa zake wengine, kisha kwa familia nyingine katika jamii.

Basi naomba mambo manne. Kwanza, sehemu ya fedha iwasaidie mama wanaolea majumbani, ili aletwe kwetu yule tu asiye na pa kukaa. Pili, wakazi wawe wachache, na mtumishi alipwe ujira wa haki, apewe na siku ya kupumzika, kwa maana aliyechoka na mwenye njaa ni mwepesi wa kuinua mkono. Tatu, iwepo kamati ya wazazi, wanawake kwa wanaume, yenye ruhusa ya kuingia saa yoyote mpaka vyumba vya kulala, bila kubisha hodi wiki moja mbele. Nne, mtumishi atakayeleta habari ya dhuluma asikilizwe, wala asifukuzwe.

Tukishindwa na haya, ni heri tusijenge. Mwenye akili akidhulumiwa atasema hapa duniani. Hawa watatungoja Siku ya Kiyama, nao watasema mbele ya Asiyefichwa neno.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza amana yake. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.