Maili Saba za Falmouth: Mbio Fupi Katika Joto la Agosti

Kila Agosti, kwenye pwani ya kusini ya Cape Cod katika jimbo la Massachusetts, Marekani, zaidi ya watu 10,000 hukimbia maili 7, yaani kilometa 11 na ushei, kutoka kijiji cha Woods Hole hadi Falmouth Heights. Mbio hizo, Falmouth Road Race, zilianza mwaka 1973 kwa wazo la mhudumu wa baa aitwaye Tommy Leonard, na haikushangaza kwamba njia yake ya mwanzo ilitoka baa moja ikaishia kwenye baa nyingine. Washiriki wa mwaka huo hawakufika 100. Miaka miwili tu baadaye mshindi alikuwa Frank Shorter, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya 1972. Wakenya nao wameacha alama yao: Gilbert Okari alishinda mara tatu mfululizo, 2004 hadi 2006, na Stephen Sambu mara nne mfululizo, 2014 hadi 2017.

Umbali wa namna hii huwadanganya wengi. Marathoni huogopwa, na anayeiogopa hujipima mwendo tangu hatua ya kwanza. Maili 7 hazimtishi mtu, kwa hiyo hukimbiwa kwa pupa, na pupa ndiyo chanzo cha joto. Tishio kubwa la siku ya kiangazi cha Marekani ni joto ambalo mkimbiaji hulitengeneza mwenyewe. Jua na hewa humzuia tu asilitoe.

Hesabu yake si ngumu. Kukimbia hugharimu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kwa kila kilometa. Karibu robo ya nishati hiyo huwa mwendo. Robo tatu zilizobaki huwa joto. Lau joto hilo lote lingebaki mwilini, mkimbiaji angepanda karibu nyuzi 1 ya Selsiasi kila kilometa, na asingefika nusu ya njia akiwa na akili timamu. Gharama hiyo kwa kilometa haibadiliki sana, awe mwepesi au mzito wa mwendo. Kinachobadilika ni muda. Anayemaliza kilometa kwa dakika 3 huzalisha joto mara mbili, kwa kila dakika, kuliko mwenye uzito kama wake anayetumia dakika 6. Ndiyo maana kiharusi cha joto, yaani joto la mwili kupanda hadi akili ikavurugika, huwapata mara nyingi vijana wenye nguvu na ari, katika mbio zinazokwisha chini ya saa moja.

Mwili hujitetea kwa njia mbili: hupeleka damu kwenye ngozi, na hutoa jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na kilokalori zipatazo 580. Lakini ni lazima likauke. Jasho linalodondoka barabarani ni hasara tupu: maji yamepotea na joto limebaki. Hewa ya pwani ya Atlantiki mwezi Agosti ina unyevu mwingi, na mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam anayeujua mwezi wa Machi hahitaji kuelezwa zaidi. Jasho hukaa mwilini kama nguo iliyoanikwa siku ya mvua.

Kwa sababu hiyo kipimajoto cha kawaida hakitoshi kuamua kama mbio zifanyike. Waandaaji hutumia kipimo kilichobuniwa Marekani katika miaka ya 1950 kwa ajili ya makuruta wa jeshi waliokuwa wakizimia mazoezini. Kipimo hicho huchanganya vipimajoto vitatu: kilichofungwa kitambaa chenye maji huchangia asilimia 70, kilicho ndani ya tufe jeusi linalopigwa na jua asilimia 20, na cha hewa ya kivulini asilimia 10 tu. Mgawanyo huo unaonyesha wazi kwamba unyevu ndio wenye sauti kubwa. Katika mbio nyingi, matokeo ya kipimo hutangazwa kwa bendera za rangi, kuanzia kijani hadi nyeusi, ambayo maana yake ni kuahirisha au kusimamisha.

Njia ya Falmouth huongeza ugumu kwa mpangilio wake. Maili tatu za mwanzo hupanda na kushuka, zikipita kwenye mnara wa taa wa Nobska, na sehemu kubwa ina kivuli cha miti. Kisha barabara hutokeza ufukweni, ikawa tambarare, bila mti, jua likiwa kichwani na mwanga ukirudi kutoka baharini. Mwishoni kabisa kuna kilima kifupi chenye mwinuko mkali, halafu mteremko hadi mstari wa kumalizia. Mkimbiaji hufanya kazi nzito kwanza akiwa kivulini, akidhani mambo ni shwari, kisha deni hulipwa juani.

Kilima kina hila yake. Mtu anapopanda, misuli huinua uzito wa mwili na joto linalozalishwa huongezeka, lakini kasi hupungua, na upepo unaotokana na mwendo wake mwenyewe hupungua pamoja nayo. Joto linazidi wakati ule ule ambapo njia ya kulitoa inabanwa. Anayeng'ang'ania kupanda kwa kasi ile ile ya tambarare hulipa mara mbili. Busara ni kulinganisha juhudi, si kasi: kufupisha hatua, kuacha saa ionyeshe muda mbaya kwenye mwinuko, na kufidia sehemu ya muda huo kwenye mteremko, ambako upepo unarudi. Mteremko nao haukimbiwi ovyo, kwani misuli ya mapaja huumizwa kwa kuzuia uzito kila hatua. Katika joto kali hata muda wa tambarare hauna budi kulegezwa tangu kilometa ya kwanza. Kungoja dalili ndipo mtu apunguze ni kuchelewa.

Maandalizi yenye faida kubwa kuliko yote ni kuzoea. Siku 10 hadi 14 za mazoezi ya wastani katika joto huongeza maji ya damu, huwahisha jasho na kulipunguzia chumvi. Faida hiyo haidumu. Huanza kuyeyuka ndani ya wiki chache mtu akirudi kwenye baridi. Hapa sifa ya Afrika Mashariki hueleweka vibaya ughaibuni. Iten, kitovu cha wakimbiaji wa Kenya, iko takriban meta 2,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za sweta. Anayetoka huko moja kwa moja hana kinga yoyote ya kuzaliwa nayo. Sambu alisoma katika Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, ambako joto ni la jangwa. Jangwa huufundisha mwili kutoa jasho. Haliwezi kuifundisha hewa ya pwani kulikausha.

Maji yana nafasi yake, ingawa hupewa sifa kuliko stahili yake katika umbali huu. Mtu aliyeanza akiwa amekunywa vizuri hawezi kukaukiwa sana kwa dakika 40 au 60, na anaweza kupata kiharusi cha joto huku tumbo limejaa maji. Kunywa barafu iliyosagwa kabla ya kuanza, kukaa kivulini na kupasha misuli kwa muda mfupi husaidia. Aliyetoka kwenye homa au kuharisha siku chache kabla hapaswi kukimbia.

Mfano wa kiharusi cha joto unaotajwa zaidi ni wa mkimbiaji Alberto Salazar. Mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 20, alikimbia bega kwa bega na waliokuwa wakiongoza mbio za Falmouth, akaishiwa nguvu, akamaliza wa 10 na kuanguka. Joto la mwili wake lilifika nyuzi 42 hivi. Alilazwa kwenye beseni la maji ya barafu na kusomewa sala za mtu anayekufa. Alipona, na alishinda mbio hizo hizo mwaka 1981 na 1982.

Dalili za hatari huanzia kichwani: kuyumba, kujibu maswali kwa maneno yasiyoeleweka, ukali usio na sababu. Ngozi kavu haisubiriwi, kwa maana mkimbiaji wa namna hii mara nyingi bado analowa jasho. Kipimo cha kuaminika ni kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Cha kwapani, kinywani au kwenye paji la uso hudanganya. Joto likizidi nyuzi 40 na akili imevurugika, mgonjwa hutumbukizwa mwili mzima kwenye maji ya barafu papo hapo, hadi joto lishuke karibu nyuzi 39. Kupoza hutangulia, gari la wagonjwa hufuata. Lengo ni kulishusha joto ndani ya nusu saa, kabla ini, figo na ubongo havijaharibika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipitia kumbukumbu za hema la matibabu la Falmouth kwa miaka 18. Wagonjwa wa kiharusi cha joto walikuwa 274, takriban 2 katika kila wakimbiaji 1,000 waliomaliza. Walitibiwa kwa beseni la barafu, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Wengi wao waliweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hata hivyo, aliyepatwa na kiharusi cha joto hushauriwa kuacha mazoezi kwa siku 7 au zaidi, kuonana na daktari na kupima damu, kisha kuanza polepole mahali penye baridi kabla ya kurudi tena kwenye jua.