NOZELI NNE NA MAGUNIA KUMI NA MAWILI

  Kwa kawaida katika kipindi hiki tunazungumza habari za mbegu, mbolea na wadudu. Leo nataka tuzungumze habari ya gari. Msishangae. Mahindi yakishatoka shambani hayatembei yenyewe mpaka sokoni, na gari linalokula faida yote ya shamba ni mdudu mbaya kuliko funza wa mabua.

Nitaanza na kisa nilichokiona kwa macho yangu, na ambacho mimi mwenyewe nina sehemu ya lawama. Kikundi kimoja cha wakulima, katika vijiji vya kusini ya mji wa Songea, kilichanga fedha kikanunua pikapu kuukuu ya dizeli, Toyota Hilux yenye injini ya 3L. Wazo lilikuwa zuri. Walikuwa wamechoka kumngoja mchuuzi aje na bei yake na lumbesa yake. Walitaka kupeleka mahindi wenyewe kwenye ghala la Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, na kurudi na mbolea.

Mimi kama Bwana Shamba wao niliwashauri jambo moja: "Nunueni dizeli kwa pipa zima mweke kijijini, msiwe mnakwenda mjini kila mara kutafuta lita kumi." Wakakubali. Wakapata pipa la chuma, wakaliweka nje nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wao.

Msimu wa mavuno gari likaanza kusumbua. Asubuhi, katika baridi yetu hii ya Juni na Julai, halikuwaka upesi, na likiwaka linatoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli. Kwenye mlima linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Fundi akaitwa. Akasikiliza injini kidogo, akasema: "Nozeli zimekufa. Zote nne mpya." Hakupima kitu. Kikundi kikauza mahindi haraka kwa bei ya mavuno, nozeli zikanunuliwa, gari likanguruma vizuri. Baada ya wiki chache, moshi ule ule ukarudi.

Safari hii walikwenda kwa fundi mwingine, fundi pampu. Huyu kwanza alifungua chini ya chujio la dizeli akakinga kwa chupa nyeupe. Chini ya chupa kulikuwa na maji, na juu ya maji kulikuwa na chembe za kutu. Mzee mmoja wa kikundi akaniangalia, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hili pipa si ndilo ulilotushauri?" Nikasema, "Ndilo, mzee." Sikuwa na jibu jingine. Fedha ya kununulia mbolea ilikuwa imekwisha kwenye nozeli. Mwaka ule wengi wao walipata mbolea ya kukuzia wakati mahindi yameshakuwa ya njano.

Basi leo nawalipa deni lile kwa kuwaeleza ninyi nyote.

Kwanza tuelewe nozeli ni kitu gani. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia mafuta kama injini ya petroli. Hewa inabanwa na pistoni mpaka inakuwa ya moto sana, kisha dizeli inarushwa ndani ikiwa ukungu mwembamba, nayo inawaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel aliifikisha injini hiyo kwenye kazi mwaka 1897. Pampu ya kurushia mafuta ilianza kutengenezwa kwa wingi na kampuni ya Bosch mwaka 1927, na hapo ndipo injini hii ilipopata njia ya kuingia katika magari. Pampu inasukuma, nozeli inanyunyiza. Ni kama bomba lako la kunyunyizia dawa: kichwa kikiziba au kikilika, dawa haitoki ukungu, inatoka matone.

Ndani ya nozeli kuna sindano inayopanda na kushuka katika tundu lake. Nafasi kati ya sindano na tundu ni sehemu chache tu za elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko nafasi hiyo mara kumi na zaidi. Sasa fikiri chembe ya kutu ya pipa ikipita hapo. Inakwaruza. Na maji yakipita, yanaleta kutu, tena hayalainishi kama dizeli inavyolainisha. Kwa hiyo ukifunga nozeli mpya juu ya mafuta machafu, umepanda mbegu bora katika shamba lenye mchwa.

Sasa tuje kwenye gharama. Bei za madukani hupanda na kushuka, na nozeli halisi na ya bandia hazilingani bei. Kwa hiyo nitatumia bei za mfano tu, ili tujifunze kupiga hesabu. Wewe ukifika dukani weka bei utakayoikuta.

Tuseme nozeli moja mpya ni shilingi 150,000. Nne ni shilingi 600,000. Washa za shaba za kukalia nozeli, shilingi 20,000. Chujio jipya la dizeli, shilingi 20,000. Kazi ya fundi, shilingi 80,000. Jumla shilingi 720,000. Tuseme gunia la mahindi wakati wa mavuno ni shilingi 60,000. Umetoa magunia 12. Lakini kama gunia hilo hilo lingefika shilingi 90,000 mwezi wa Januari, fedha ile ile ingekuwa magunia 8 tu. Kwa hiyo haraka peke yake imekula magunia 4. Hiyo ni gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti.

Sasa tazama njia ya pili. Nozeli za injini za zamani zisizo na kompyuta, kama ile 3L, zinaweza kufunguliwa, kusafishwa na kubadilishwa ncha peke yake. Mwili wa nozeli unabaki. Fundi pampu anayo mashine ya mkono ya kupimia: anaifunga nozeli, anasukuma, saa inaonyesha shinikizo ambalo nozeli inafungukia, na macho yanaona kama inatoka ukungu au inadondosha. Tuseme kupima nne ni shilingi 40,000, na ncha moja ni shilingi 40,000. Ukibadilisha ncha zote nne ni 160,000. Ongeza kupima 40,000, washa 20,000, chujio 20,000, kazi ya fundi 80,000. Jumla shilingi 320,000. Hayo ni magunia 5 na debe 2. Na kama mashine ikionyesha kwamba mbili ni nzima, hutalipia ncha mbili, unashuka mpaka shilingi 240,000, yaani magunia 4.

Na njia ya tatu, ambayo ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza: kutoa maji, kubadilisha chujio, kuacha mafuta ya pipa bovu. Shilingi 20,000. Debe 2 za mahindi! Ndugu zangu, kati ya debe 2 na magunia 12 kuna tofauti ya kusomesha mtoto.

Sisemi nozeli haziharibiki. Huchakaa, na nozeli inayodondosha ikiachwa inaweza kuunguza kichwa cha pistoni, au dizeli ikateremka kuchanganyika na oili. Ukiona oili inaongezeka kwenye kijiti bila wewe kuongeza, na inanuka dizeli, simamisha gari. Hapo kungoja Januari ni hasara, maana utanunua pistoni badala ya ncha. Ninachosema ni hiki: pima kwanza, nunua baadaye.

Kabla hujamwita fundi, angalia mambo haya mwenyewe. Moshi mweusi mara nyingi ni hewa pungufu: barabara zetu za vumbi huziba chujio la hewa. Lifungue, litazame kwenye mwanga. Gari kukata nguvu au kuzimika huenda ni hewa iliyoingia kwenye mipira ya dizeli iliyopasuka. Tafuta mahali palipolowa. Halafu toa maji chini ya chujio la dizeli kwa kukinga kwenye chupa nyeupe. Na kama ni asubuhi tu linapokataa kuwaka, pengine plagi za kupashia joto zimekufa, siyo nozeli.

Fundi naye ana njia yake ya kutambua nozeli mbovu: injini ikiunguruma polepole, analegeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja moja. Akilegeza ya nozeli nzima, mlio unabadilika. Akilegeza ya nozeli mbovu, mlio haubadiliki sana. Lakini sikilizeni vizuri: hiyo ni kwa injini za zamani tu. Pikapu za miaka ya 2000 na kuendelea, nyingi zina nozeli za umeme zinazoongozwa na kompyuta, na shinikizo la mafuta mle linaweza kuwa zaidi ya mara 1,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Ukilegeza bomba lile injini ikiwaka, mafuta yanatoboa ngozi kama sindano. Hata nozeli ya zamani ikiwa kwenye mashine ya kupimia usiweke mkono mbele yake. Mtu aliyetobolewa na dizeli apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama tundu ni dogo na haliumi.

Tena nozeli hizo za umeme bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko za zamani, na nyingi huhitaji kompyuta wakati wa kufunga. Kwa hiyo kikundi kinapotaka kununua pikapu, swali lisiwe tu "ni ya mwaka gani?" Ulizeni pia: "Nozeli zake ni za aina gani, na fundi wa kuzipima yuko wapi?"

Ukifika kwa fundi, mwombe mambo manne bila kuona haya. Moja, apime mbele yako. Mbili, washa za shaba ziwe mpya, maana ya zamani ikirudishwa huvujisha moshi na kuunguza mahali pa kukalia. Tatu, chujio libadilishwe siku hiyo hiyo. Nne, vipande vya zamani na risiti upewe wewe. Na nozeli isifunguliwe chini kwenye vumbi wala kugongwa kwa nyundo.

Mwisho, dizeli yenyewe. Nunua kwenye kituo kinachojulikana. Zamani wengine walichanganya mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa rahisi. Ndiyo maana EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikaongeza ushuru wa mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi pampu wala nozeli kama dizeli. Atakayekuuzia dizeli ya bei ya chini njiani, mwulize imetoka wapi.

Kama ni lazima uweke pipa, liweke kivulini, chini ya paa, juu ya magogo, likiwa limeinama kidogo upande usio wa kuchotea, ili maji na uchafu vikae huko. Ukijaza, acha litulie siku nzima kabla ya kuchota. Usichote mpaka chini. Acha kiasi cha upana wa kiganja. Chuja kwa kitambaa kisafi kisichotoa nyuzi. Usihifadhi dizeli katika chombo cha bati lililopakwa zinki, maana zinki hushambuliwa na dizeli. Na tangi la gari lijazwe jioni. Likikaa tupu usiku wa baridi, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani yake. Hayo ndiyo niliyopaswa kuwaambia wale wazee siku ile.

Wale wazee hawakuvunja kikundi. Siku hizi wana daftari moja na kisanduku kimoja. Kila gunia linalopanda gari, shilingi 500 inawekwa kando kwa ajili ya gari tu. Pikapu ikibeba magunia 10 kwa safari, katika safari 64 wanapata shilingi 320,000, yaani ile njia ya pili tuliyoipigia hesabu, bila kugusa fedha ya mbolea. Na chupa nyeupe ya kukingia maji inakaa chini ya kiti cha dereva.

Ndugu mkulima, kesho asubuhi kabla hujawasha gari la kikundi, chukua chupa ukakinge chini ya chujio. Ukiona maji, umeokoa nozeli. Usipoona, umeshukuru Mungu na kuendelea na safari.