Mcheza Kwao Hutunzwa

Maneno ya kamati kwa wanachama na wageni, siku ya harambee ya mwaka

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu wa Masoko, Kivinje, Njinjo, Kipatimu, Pande na visiwani, pamoja na jirani zetu wa Lindi na Mtwara mlioitikia mwaliko:

Mweka hazina atasoma mahesabu baada yetu. Kabla hajasimama, tumeomba dakika chache tuzungumze mpira. Msicheke. Mpira huu una deni ndani yake.

Mnaikumbuka Ndanda FC. Jina la Ndanda ya Masasi, uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara, na jina la utani Wana Kuchele, yaani kumekucha. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, pamoja na Stand United na Polisi Morogoro. Mechi yake ya kwanza, Septemba 2014, iliwafuata Stand kwao Shinyanga ikawafunga 4-1. Sisi wa Kilwa hatukuuliza mpaka wa mkoa. Ukishakuwa Mbagala unasubiri basi la Kusini, wote ni ndugu. Tulisema sasa na sisi tumo.

Tulikuwemo misimu sita. Mwisho wa msimu wa 2019/20 Ndanda ikashuka daraja, pamoja na timu nyingine za mikoani kama Lipuli ya Iringa, Alliance ya Mwanza na Singida United.

Tukitafuta sababu, tuanze na hesabu. Ndanda ilipoingia, ligi ilikuwa na timu 14, kila timu ikicheza mechi 26. Kufika msimu wa 2018/19 timu zilikuwa 20 na mechi 38, maana yake safari 19 za ugenini. Na msimu huohuo ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu. Timu za Dar es Salaam baadhi ya mechi zao za ugenini huzifuata humohumo mjini. Anayetoka Mtwara kwenda Mwanza anakata zaidi ya kilomita 1,500, na akienda Bukoba anaendelea mbele. Wachezaji wale wale wanatakiwa kula, kulala, kutibiwa na kulipwa. Safari ziliongezeka, mfuko haukuongezeka.

Hayo ni ya nje. Ya ndani ni yetu, na ndiyo yaliyotusimamisha hapa.

Siku ambayo Nangwanda Sijaona ilijaa ilikuwa siku ya Simba au Yanga. Basi tuambiane ukweli, ndugu zangu: siku ile wangapi kati yetu tulivaa jezi ya Ndanda? Tulisafiri kutoka Kilwa na Lindi, tukalipa kiingilio, tukavaa nyekundu na njano, tukamshangilia mgeni. Ndanda ikifunga, tunanuna. Jumamosi inayofuata, Ndanda ikicheza na timu isiyo na jina, tulikuwa wapi? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yule alicheza kwao, sisi tukamtunza mgeni. Na iliposhuka, sisi sisi tukakaa vibarazani tukiulaumu uongozi.

Asije mtu akasema Kusini haiwezi. Msimu uleule Ndanda inashuka, Namungo ya Ruangwa ndiyo ilikuwa imeingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Ikamaliza nafasi ya 4. Ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa 2-1 na Simba pale Sumbawanga, Agosti 2020. Kisha ikaiwakilisha nchi Afrika na kuingia hatua ya makundi. Huko makundi haikupata pointi, lakini ilifika. Ni mkoa wetu huu huu wa Lindi, watu hawa hawa wa korosho na ufuta. Kwa hiyo uwezo upo. Swali ni nani atabaki pembeni ya uwanja siku ambayo hakuna kamera.

Sasa tuje nyumbani. Hosteli yetu ya wasichana mnaijua. Mwaka wa msingi, ukumbi ulijaa. Kila mtu alitaka kupiga picha na koleo. Mwaka wa kuta, tulipungua. Sasa kuta zimesimama, zinangoja bati, na mvua inazipiga. Daftari la ahadi lina majina mengi kuliko stakabadhi, na baadhi ya majina hayo ni ya sisi wanakamati. Hatumnyooshei mtu kidole.

Wakati huo mabinti zetu wanaotoka vijiji vya mbali wamepanga vyumba mitaani. Binti wa kidato cha pili anapika mwenyewe, anafunga mlango mwenyewe usiku, na anayegonga mlango huo hatumjui. Wengine hawamalizi shule. Mzazi wake yuko shambani, anatutegemea sisi tulioko mjini.

Hosteli hii ndiyo Ndanda yetu. Kupanda tulipanda kwa shangwe. Kazi ni kubaki. Kwa hiyo leo hatuombi ahadi kubwa ya kupigiwa vigelegele. Tunaomba kidogo kila mwezi, kitolewe hata mwezi ambao hakuna sherehe, na kila robo mwaka mweka hazina atume mahesabu kwa kila mwanachama ili aone fedha yake imefika wapi. Asiye na fedha ana ufundi, ana gari, ana siku moja ya nguvu zake. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wanakamati tumekubaliana kuanza na madeni yetu wenyewe. Mweka hazina, fungua daftari, sisi tuko mstari wa mbele.

Mungu aibariki Kilwa, aibariki Kusini yetu yote.